Gati 29 zimebaki Lamu: safari hii tuisome tathmini kabla leseni haijatoka

MwanaMkanda (mleta mada)

Assalaam alaikum ndugu zangu wa pwani na wa bara, na mlioko ughaibuni.

Mada hii naileta nikiwa na uchungu nayo, na naomba tuijadili bila kurushiana maneno. Ramani ya bandari ya Lamu ina gati 32. Zilizojengwa ni 3. Zimebaki 29, na siku yoyote tunaweza kuamka tukasikia tangazo la gati ya nne. Nataka siku hiyo itukute tunajua la kufanya, kwa sababu mara ya kwanza ilitukuta tumekaa barazani tunaulizana.

Tukumbushane. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ethiopia, walikuja Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, yaani ukanda wa uchukuzi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Hotuba zikatolewa, tukapiga makofi, mimi nikiwa miongoni mwa waliopiga. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya gati tatu za kwanza ni ya mwaka 2013. Ziweke tarehe hizo mbili pamoja uzitazame. Uzinduzi ulitangulia, uchunguzi ukafuata. Tathmini inayokuja nyuma ya jiwe la msingi haina tena nafasi ya kuuliza kama bandari ikae hapa au pengine, au kama ghuba ya Manda inaweza kuibeba. Inabaki kuuliza tope litamwagwa wapi.

Wazee wetu na vijana kadhaa walikwenda mahakamani mwaka huo huo wa 2012. Kesi inajulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Hukumu ilitoka tarehe 30 Aprili 2018, miaka sita baadaye. Mahakama Kuu ikakubali kwamba haki yetu ya mazingira safi, haki yetu ya kupata habari na haki yetu ya utamaduni vilivunjwa. Ikasema tathmini ya kimkakati, ile inayotazama mradi mzima tangu bandari, reli, bomba hadi barabara, ilitakiwa ifanyike mapema na haikufanyika. Ikasema wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Na ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Tulishinda. Lakini tulishinda bahari ikiwa imeshachimbwa. Gati ya kwanza ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021, na siku hiyo wavuvi walikuwa bado wanadai fidia yao.

Kwa hiyo swali langu kwenu: mradi wa gati za makontena ukitangazwa upya, mwananchi wa Lamu, mvuvi wa Kizingitini au mama wa Matondoni, aanzie wapi? Aombe karatasi gani, kwa nani, na kwa muda gani? Wenye ujuzi karibuni.

Bandarini

Mleta mada nakuheshimu sana, na najua unaloandika unalipenda kweli. Ila na mimi niseme langu. Mimi ni kijana wa Mokowe, naendesha lori. Kabla ya bandari, kijana wa hapa alikuwa na njia tatu: bahari, boda boda, au kuhamia Mombasa. Leo wapo wenzangu waliosomeshwa kwa ufadhili wa LAPSSET, wapo wanaofanya kazi ndani ya geti. Mfereji una kina cha mita 17.5, meli kubwa inaingia bila kusubiri maji kujaa. Bandari nyingi za ukanda huu zinaitamani hali hiyo.

Ninachoogopa ni kwamba tukiweka masharti juu ya masharti, mwekezaji ataondoka na mizigo itaendelea kupita Mombasa na Dar es Salaam. Lamu imechelewa tangu uhuru. Hao wavuvi wapewe boti kubwa waende bahari kuu, samaki wako huko. Kwa nini tung'ang'anie ghuba moja?

Madema

Bandarini mwanangu, ngoja nikujibu kwa upole maana wewe ni wa umri wa watoto wangu.

Unasema bahari kuu. Bahari kuu ya miezi gani? Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hadi Machi, ndiyo, mtu mwenye mashua nzuri anatoka nje ya miamba. Kusi likishika kuanzia Mei, mawimbi ya nje hayaingiliki kwa mashua zetu. Miezi hiyo yote mvuvi anavua ndani: ghuba ya Manda, mlango wa bahari wa Mkanda, vijito vya mikoko, nyuma ya visiwa. Ghuba ni ghala letu la kusi. Ukilifunga, mtu analala njaa miezi mitano, na hiyo boti utakayompa itakuwa imefungwa kwenye nanga ikimtazama.

Halafu boti kubwa inataka mafuta, inataka barafu, inataka mabaharia wanne au watano wanaojua nyavu za kina kirefu. Mimi nimefundishwa na marehemu baba kutega madema, mitego ya kusukwa, kwenye nyasi za bahari. Najua tafi anapita wapi maji yakijaa na wapi yakitoka. Elimu hiyo haihamishiki kwenda maili kumi nje.

Na kitu kimoja ambacho wataalamu hawakutuuliza, wala sijaona mtu akikitaja: bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, na maji mafu, siku yanapopanda na kushuka kidogo. Wakati wa uchimbaji, siku za maji mafu tope lilikuwa linakaa karibu na mashine. Siku za bamvua mkondo unalibeba mbali, unalipeleka mpaka usikodhani. Nilipandisha dema zangu siku moja zimejaa utelezi wa kijivu, chambo chote kimefunikwa, hakuna samaki hata wa kitoweo. Mtu akija kupima siku za maji mafu peke yake ataandika kwamba tope haliendi mbali, na hatakuwa amesema uongo kwa siku alizopima.

WakiliWaBarazani

Nimshukuru mzee Madema, amesema jambo ambalo nitalirudia baadaye. Kwanza nimjibu mleta mada alichouliza, tuanzie wapi.

Sheria mama ni ile ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ambayo wengi tunaiita EMCA. Kifungu cha 58 kinasema mwenye mradi wa aina iliyotajwa kwenye jedwali la pili asianze kazi kabla ya kupata leseni ya tathmini kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bandari imo. Chini yake kuna kanuni za mwaka 2003. Kanuni ya 17 ndiyo silaha ya mwananchi: mwenye mradi anapofanya uchunguzi lazima abandike matangazo sehemu za wazi karibu na mradi, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, awaeleze mradi na apokee maoni yao.

Ripoti ikishafika NEMA hatua haijaisha. Inatangazwa tena, na umma unapewa muda wa kuisoma na kupeleka maoni ya maandishi. Hapa ndipo watu wengi hulala. Wanadhani mkutano wa kwanza waliokwenda, wakapewa soda na maandazi, wakasaini karatasi ya mahudhurio, ndio mwisho. Ule wa kwanza ni wa kukusanya wasiwasi wenu. Kazi kubwa ni ripoti ikishaandikwa: je, wasiwasi wenu umo ndani? Umejibiwa namna gani? Kwa vipimo au kwa maneno matupu?

Leseni ikitoka na hamkuridhika, kuna Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Mna siku 60. Nawaomba muikariri namba hiyo. Siku 60 zikipita milango inaanza kuwa mizito.

Mfano hatuhitaji kuutafuta mbali, tunao hapa hapa Lamu. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi, megawati 1,050, kilipewa leseni Septemba 2016. Save Lamu, shirika la wenyeji, na wakazi wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa ile ile niliyoitaja: mikutano ilifanyika kabla ya uchunguzi, lakini ripoti ilipokamilika wananchi hawakurudishiwa waione na kuijadili ipasavyo. Mkutano mmoja wa mwanzo haukutosha kuitwa ushirikishwaji.

Linganisheni kesi hizo mbili. Kwenye makaa ya mawe rufaa ilikwenda kabla ujenzi haujaanza, na mradi ukasimama. Kwenye bandari hukumu ilikuja gati zikiwa zinajengwa, na tulichopata ni fedha.

MpimaTope

Salamu kwa wote. Mimi nimefanya kazi ya tathmini za mazingira pwani kwa miaka kadhaa, nikiwa upande wa wanaoandika ripoti. Mzee Madema amenigusa, na nitasema la moyoni.

Nilipokuwa kijana nilipelekwa kuchukua vipimo vya maji kwa ajili ya gati dogo, sehemu nisiyoitaja, kwa mteja nisiyemtaja. Tulikaa siku kumi na moja, mwishoni mwa Januari. Kaskazi tulivu, maji kama kioo. Nikaandika hali ya kawaida ya eneo: maji maangavu, tope kidogo sana, nyasi za bahari zenye afya. Mvuvi mmoja aliyetubeba kwenye mashua yake aliniambia, "Mwanangu, rudi Julai uone." Sikurudi. Bajeti haikuwa na safari ya pili. Ripoti ikaenda na kaskazi peke yake, na nilikuja kujua baadaye kwamba kila lalamiko la wavuvi kuhusu maji kuchafuka lilijibiwa kwa kurasa zangu zile. Jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Kwa hiyo mkipewa ripoti ya gati ya nne, msianze na kurasa za mbele zenye picha. Nendeni sura ya hali ya sasa ya mazingira, mtafute tarehe. Vipimo vilichukuliwa mwezi gani? Kama hakuna vipimo vya kusi na vya kaskazi, vya bamvua na vya maji mafu, ripoti hiyo haiijui ghuba ya Manda. Andikeni hivyo hivyo, kwa barua, mkitaja ukurasa.

Kisha tafuteni mchanga na tope la uchimbaji. Kuchimba mfereji hadi mita 17.5 kunatoa shehena kubwa ajabu. Inakwenda wapi? Ikimwagwa baharini, eneo hilo liko umbali gani na matumbawe, mkondo unaelekea wapi miezi ya kusi? Ikitumika kujazia ufukwe ili makontena yapate uwanja, mikoko mingapi inakatwa? Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kule ndani ndiko samaki wadogo na kamba wanakolelewa kabla ya kutoka. Nyasi za bahari zinaishi kwa mwanga. Maji yakibaki na tope wiki nyingi mfululizo, zinadhoofika kwanza, halafu zinakufa, na tafi anahama. Mvuvi anaona matokeo msimu unaofuata, mashine ikiwa imeshaondoka, naye hana pa kuonyesha kidole.

La tatu ni meli zenyewe. Meli ya makontena ikiwa nyepesi hubeba maji tumboni ili isiyumbe, ikifika kupakia inayamwaga. Maji hayo yametoka bandari nyingine, na yanaweza kuwa na viumbe wasio wa hapa. Upo mkataba wa kimataifa wa jambo hilo ulioanza kufanya kazi Septemba 2017. Ripoti iseme nani atakagua, akiwa na chombo gani. "Sheria za kimataifa zitafuatwa" ni sentensi niliyoiandika mimi mwenyewe mara nyingi. Msiikubali peke yake.

Na mjue kwamba mtaalamu anayeandika tathmini amesajiliwa na NEMA lakini analipwa na mwenye mradi. Wengi wetu tunajitahidi kuwa wakweli. Hata hivyo muda, bajeti na maeneo ya kupima vinapangwa na anayelipa, na ukweli unaopatikana unakuwa na ukubwa wa bajeti hiyo.

Mbegani

Wakuu, natokea Bagamoyo. Uzi huu unanihusu japo niko ng'ambo ya mpaka. Sisi tulitangaziwa bandari kubwa ya Mbegani mwaka 2013, ikazungumzwa kuwa ya dola bilioni 10, na mwaka 2019 mazungumzo yakasimama wakati wa Rais Magufuli. Ikirudi kwa sura yoyote, tutakuwa pale pale mlipokuwa ninyi. Huku sheria yetu ni ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na chombo ni NEMC, baraza la mazingira la Tanzania. Cheti cha mazingira lazima kitangulie ujenzi, kama kwenu.

Nina swali kwa MpimaTope na Wakili. Ripoti zenu zinaandikwa kwa lugha gani? Kwa sababu huku niliwahi kuomba kuona ripoti ya mradi fulani mdogo karibu na kijiji chetu, nikapewa kitabu cha Kiingereza kurasa zaidi ya mia tatu, nikiambiwa nikisome pale pale ofisini na nisitoke nacho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nilikwama ukurasa wa arobaini. Babu zangu wavuvi wangeanzia wapi?

WakiliWaBarazani

Mbegani, umegonga mahali penyewe. Tangazo la redio linatakiwa liwe kwa lugha ya wenyeji, lakini ripoti yenyewe, yenye ushahidi wote, inakuja kwa Kiingereza. Na hapa Kenya Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, halafu inakitaja tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kulinda mazingira. Viweke vyote vitatu katika barua moja: tunaomba ripoti kamili, tunaomba muhtasari wake kwa Kiswahili, na tunaomba muda wa maoni uanze kuhesabiwa siku muhtasari huo utakapofika Lamu. Ombi hilo lina miguu ya kisheria. Lipelekwe mapema, kwa maandishi, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Mahakama mwaka 2018 iliigusa roho ya jambo hili. Ilipopima mikutano iliyofanyika Lamu, iliona ni ya kutoa taarifa tu. Mtu kuambiwa "bandari inakuja" na kushirikishwa katika kuamua ni mambo mawili.

BaridiKali

Nawasoma nikiwa Vancouver, Kanada, saa saba ya usiku, nimeshindwa kulala kabla sijachangia. Asili yangu ni Pate.

Hapa kulikuwa na mradi wa karibu kabisa na wetu. Bandari ya Vancouver ilitaka kujenga gati jipya la makontena linaloitwa Roberts Bank Terminal 2, la kupokea makontena milioni 2.4 kwa mwaka kwa kipimo cha futi ishirini, likiwa na sehemu tatu za meli kufunga. Nawapa tarehe mzione. Tathmini ilianza 2013. Jopo huru la wataalamu likaundwa, likafanya vikao vya wazi mwaka 2019, ripoti yake ikatoka Machi 2020. Serikali haikukimbilia kusaini, ikamrudisha mwenye mradi akalete maelezo zaidi. Idhini ya serikali kuu ikatoka Aprili 2023 ikiwa na masharti 370 ya lazima kisheria. Miaka kumi, na baada ya hapo bado walihitaji vibali vingine vya sheria ya uvuvi kabla ya kugusa maji.

Sisemi huko ni peponi. Watu wa mazingira hapa wanaamini gati hilo lisingepitishwa kabisa, kwa sababu ya nyangumi wauaji wa kusini, kundi ambalo halifikii hata mia moja, wanaokula samaki aina ya Chinook na kusumbuliwa na kelele za meli. Jopo lenyewe lilikiri kwamba madhara makubwa yatakuwepo. Lakini kuna mambo mawili ninayotamani tuyachukue.

La kwanza, serikali hapa ina mfuko wa kuwasaidia wananchi na jamii za wenyeji kushiriki. Wakautumia kuajiri wataalamu wao wa kusoma ripoti za mwenye mradi. Kulikuwa na mabishano mazito kuhusu ndege wadogo wa pwani wanaopita hapo kila mwaka na kula utando mwembamba ulio juu ya tope. Utando huo huwezi kuuona kwa macho ukiwa juu ya daraja, na bado ukawa hoja kubwa ya kitaifa, kwa sababu kulikuwa na wanasayansi wa kuutetea. Nani aliyelipiwa mtaalamu wa kutetea nyasi za Manda?

La pili, mwenye mradi alitakiwa kuweka dhamana ya dola milioni 150 za Kanada, ili masharti ya mazingira yasibaki karatasini. Fikirini kama dhamana ya fidia ya wavuvi wetu ingewekwa benki kabla ya mashine ya kwanza kuteremshwa.

Mama Karanga

Nimesoma yote haya nikikaanga samaki, nimeunguza chungu kimoja kwa ajili yenu.

Mnazungumza wavuvi, wavuvi. Mimi sina mashua. Nanunua samaki pwani asubuhi, nakaanga, nauza jioni, na kwa kazi hiyo nimesomesha watoto wanne. Mashua zilipoanza kurudi tupu, bei ya ndoo ya tafi ilipanda mpaka nikawa nauza kwa hasara ili nisipoteze wateja. Walipokuja kuandikisha watu, niliulizwa namba ya chombo. Nikasema sina chombo, nina karai. Yule aliyekuwa anaandika akaniambia nisubiri pembeni, nikasubiri hadi wakafunga daftari. Kina mama tuliokuwa pembeni siku ile tulikuwa kumi na kitu.

Ninachoomba kwa wanasheria na wapimaji: hiyo ripoti mpya ihesabu na sisi. Ihesabu anayekaanga, anayeparua magamba, anayeokota chaza na kaa kwenye mikoko maji yakitoka, anayeuza barafu, anayesuka madema. Mvuvi mmoja akikosa samaki, nyumba ngapi hazipiki? Wakatae kuandika "wavuvi" halafu wakadhani wamemaliza.

Bandarini

Mama shikamoo. Sikuwahi kuliwaza hilo la karai, na mama yangu mdogo anafanya kazi hiyo hiyo Mokowe.

Bado naitaka bandari, sitaficha. Naitaka gati ya nne na ya tano, na nataka wenzangu wapate kazi. Lakini swali langu la mwanzo kuhusu masharti kumfukuza mwekezaji, BaridiKali kanifanya nilitazame upya. Wale walikaa miaka kumi na bado bandari haikukimbia. Na sisi tuliofanya haraka tumekaa mahakamani miaka sita, ukafuatia mvutano wa malipo. Sijui haraka yetu ilimsaidia nani.

Naomba kuuliza kwa nia njema: ile tathmini ya 2013 si ipo tayari? Hawawezi kuitumia hiyo hiyo kwa gati zinazofuata?

WakiliWaBarazani

Swali zuri, Bandarini, na ndilo ninaloliogopa zaidi. Tathmini ile ilihusu gati tatu za kwanza. Mradi ukipanuka, au yakitokea madhara ambayo hayakutabiriwa, kifungu cha 64 cha EMCA kinampa NEMA uwezo wa kuagiza tathmini mpya hata kama leseni ilishatolewa. Kifungu cha 67 kinaruhusu leseni kusimamishwa au kufutwa. Kifungu cha 68 kinahusu ukaguzi wa mazingira wa mradi unaoendelea, maana bandari iliyoanza kazi inatakiwa kukaguliwa, na ripoti za ukaguzi huo ni haki yetu kuziomba. Kwa hiyo kuna kazi ya kufanya leo, kabla ya tangazo lolote: andikeni mkiomba ripoti za ukaguzi za gati tatu zilizopo tangu 2021. Zitatuonyesha kama kile kilichoahidiwa 2013 kilitekelezwa. Hakuna ushahidi bora wa gati ya nne kuliko mwenendo wa gati ya kwanza.

Msisahau pia kwamba Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kamati ya UNESCO imeshataka athari za LAPSSET kwa urithi huo zichunguzwe. Hiyo ni njia nyingine ya kupeleka hoja, iende sambamba na ya NEMA.

MwanaMkanda (mleta mada)

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Nilitarajia majibu mawili matatu na matusi kidogo.

Barua ya kuomba ripoti za ukaguzi nitaiandika wiki hii kwa Kiswahili, Wakili naomba uipitie. Mama Karanga, nitakuja kwako tukae na kina mama wote waliokuwa pembeni siku ile, tuandike kila mmoja anafanya kazi gani na anapata samaki kutoka maji gani. BaridiKali, ukimpata mwanasayansi wa nyasi za bahari aliye tayari kutusomea ripoti itakapotoka, utakuwa umetusaidia kuliko fedha.

Ila kuna moja la MpimaTope limenikaa kichwani. Amesema ripoti isiyo na kusi na kaskazi haiijui ghuba. Je, lazima tusubiri mtaalamu wa mwenye mradi aje apime? Mzee Madema na wenzake wanatoka kila siku. Tukianza kuandika sisi wenyewe, itakubalika?

MpimaTope

Itakubalika kama maoni ya jamii, na ikiwa na tarehe, mahali na utaratibu usiobadilika, hakuna mtaalamu atakayeipuuza kirahisi. Tengenezeni sahani nyeupe ya duara, ya sentimita 30, ifungeni kamba yenye alama kila nusu mita. Iteremsheni majini mpaka isionekane, andikeni kina. Sehemu zile zile, saa ile ile ya maji, mkitaja kama ni bamvua au maji mafu. Andikeni na samaki walioingia: aina, idadi, mtego gani. Mwaka mmoja wa daftari kama hilo ni zaidi ya siku zangu kumi na moja. Nitakuja kuwaonyesha kwa nauli yangu, nina deni na Julai ile.

Madema

Sahani ninayo, ya bati, nitaipaka rangi nyeupe. Daftari mjukuu wangu atashika, mimi macho yameanza kuniacha.

Mwandike hivi kwa kuanzia. Mkanda, upande wa Manda, maji yakijaa, maji mafu, upepo wa kusi: leo asubuhi nimeona chini mpaka pima moja na nusu. Dema nane. Tafi kumi na mbili, changu watatu, pono mmoja. Dema mbili zimerudi tupu, zote mbili za upande wa mfereji.